Kushusha Kasi Siku ya Idi

Wapo walioletwa kusini na biashara ya korosho, wapo walioletwa na mapenzi. Mimi nililetwa na barua ya ajira, na kwa kuwa sikuwa na mjomba wizarani wa kuibadilisha, nilipanda meli Dar es Salaam, nikashuka Mtwara, nikatafuta lori la Nachingwea. Mzigo wangu ulikuwa godoro, jiko la mafuta ya taa na redio ya kaseti. Ilikuwa miaka ya tisini. Kwetu ni Bukoba, kona ya upande wa pili kabisa wa nchi. Ukitaka kutoka Nachingwea uende mbali kuliko pale, inabidi uvuke mpaka.

Kazi yangu ilikuwa ubwana shamba. Niliwafundisha wakulima kupuliza salfa kwenye mikorosho ili ugonjwa wa ubwiri usiue maua, nao kwa adabu kubwa walinisikiliza, halafu wakafanya walivyoona wenyewe. Hakuna aliyeniita jina langu. Ofisini, sokoni, hata kanisani nilikuwa Bwana Shamba. Mwanzoni niliona ni heshima. Baadaye nikajua kwamba cheo nacho ni ukuta. Mtu anakuja, anasalimia, anapita zake.

"Bwana Shamba, kwenu hasa wapi?"

"Bukoba."

"Lo! Huko kwa wala ndizi?"

"Huko huko."

Na mazungumzo yanaishia hapo. Sisemi walikuwa wabaya. Walikuwa wananisalimia vizuri kuliko nilivyokuwa nawajibu, maana mimi nina kichwa kigumu na ulimi mwepesi wa kukasirika. Lakini usiku nilipokuwa napika wali wangu wa mtu mmoja, nilikuwa najisikia mpweke mpaka nasahau kuweka chumvi.

Muziki niliuanza kwa sababu ya Jumamosi. Siku za kazi zina kazi, Jumapili ina misa, lakini Jumamosi ilikuwa ndefu mno kwa mtu asiye na shangazi wala binamu wa kwenda kumtembelea. Karibu na soko la Nachingwea palikuwa na baa yenye disko, na mpigaji wake alikuwa mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye dharau za kifundi. Nilikuwa nakaa jirani na meza yake nikiitazama mikono yake. Siku moja akaniuliza nimefuata bia au nimefuata kazi. Nikasema kazi.

"Watu hawakimbii wimbo mbaya," alinifundisha. "Wanakimbia mwanya. Ukiacha mwanya kati ya wimbo na wimbo, mtu anakumbuka kiu, anakumbuka mke, anakumbuka kesho kuna kupalilia. Usimpe nafasi ya kukumbuka."

Basi nikajifunza kuziba mwanya. Wimbo mmoja unacheza kwenye spika, mwingine unausikiliza peke yako kwenye hedifoni. Unaupunguza kasi au kuuongeza mpaka ngoma zao zikanyagane, halafu unaupandisha huu na kuushusha ule, taratibu, mtu asijue saa ngapi amevuka. Ukifanikiwa hakuna anayekusifu, kwa sababu hakuna aliyeona kitu. Kazi hiyo ilinifaa sana.

Nilipohamishiwa Ruangwa, wilaya ikiwa bado mpya, nilikuwa na vyombo vyangu mwenyewe: mashine mbili za sidii, miksa ndogo na spika mbili nilizozipandisha juu ya lori kwa woga mkubwa kuliko niliowahi kuwaonea binadamu. Nilipanga chumba uani kwa mama mmoja wa Kimwera, mjane, mkulima wa ufuta na mikorosho, mwenye wajukuu wengi na maneno mengi zaidi. Na wajukuu aliongea Kimwera. Kiswahili alikuwa kama anakitoa kabatini kwa ajili yangu, na kilikuwa kinatosha sana kunisema.

"Nyie watu wa Bukoba mnajisikia," alikuwa akiniambia. "Mtu anakaa chumbani na mlango umefungwa, utadhani anataga."

Kabla sijaondoka Nachingwea, mzungu mmoja wa kujitolea, aliyekuwa anashughulika na mbegu za ufuta, alirudi kwao akaniachia boksi la sidii. Nyingi zilikuwa kelele. Lakini moja, isiyo na jalada, ilikuwa na wimbo uliotengenezwa kwa kompyuta, wa mwendo wa pole. Ngoma yake inatembea, haikimbii. Besi iko chini kabisa, unaisikia tumboni kwanza ndipo masikioni. Juu yake kinanda kinagusa sauti tatu nne, kinanyamaza muda mrefu, kinarudi. Hakuna anayeimba. Yule mzungu alinieleza kwamba kwao muziki wa namna hiyo hupigwa watu wakishachoka kucheza na bado hawataki kwenda nyumbani. Nilimjibu kwamba huku watu wakichoka kucheza wanakunywa maji, wanacheza tena.

Lakini nilikuwa nausikiliza. Nikitoka vijijini, Chinongwe au Matambarale, na vumbi la pikipiki kichwani, nilikuwa naoga, nalala chali, navaa hedifoni, na ule wimbo unakaa na mimi bila kuniuliza kwetu wapi. Nilitamani sana mtu mwingine ausikie. Siku moja nikamwekea mama mwenye nyumba. Alikaa kwenye kigoda akasubiri kwa uvumilivu, mikono magotini, mpaka karibu mwisho.

"Huyu mwimbaji," akasema, "anakuja kwa miguu?"

Niliudhika, nikazima, na kwa muda mrefu sikumwekea tena mtu yeyote.

Hata hivyo nilikuwa na tamaa ya kuuingiza kwenye disko. Tatizo lilikuwa kasi. Vijana wa Ruangwa walitaka sebene na mchiriku, na huwezi kutoka kwenye sebene ukadondokea kwenye wimbo wa pole; ni kumsukuma mtu kutoka juu ya mkorosho. Inabidi umjengee ngazi. Kutoka sebene unashuka kwenye ragga, kutoka ragga kwenye bongo fleva ya wakati ule, kutoka hapo kwenye rege nzito, na kutoka rege, ukikaza masikio, unafika. Nilikuwa naifanyia mazoezi chumbani ngazi ile, mlango umefungwa, nikitaga kama mama mwenye nyumba alivyosema. Nikaijua vizuri. Lakini sikuwahi kuishuka mbele ya watu, kwa sababu sikuona sababu.

Sababu ilikuja mwezi wa masika, jioni ya kuamkia Idi ya kuchinja.

Tulikuwa uani sote. Mama mwenye nyumba anachambua mchele wa pilau ya kesho, wajukuu wanajaribu nguo mpya na kupigwa marufuku kuzikalia. Redio yangu ilikuwa dirishani kwa sababu pale ndipo iliposhika mawimbi. Ukafika muda wa matangazo ya vifo. Ambaye hakuishi miaka ile huenda asielewe: simu zilikuwa chache, kwa hiyo ukifiwa ulipeleka tangazo redioni, likasomwa nchi nzima ili ndugu walioko mbali wasikie. Kwanza unapigwa muziki wa huzuni, wa vyombo vitupu, hauna maneno. Ukisikia muziki ule, hata kama unagombana, unanyamaza, maana huenda jina linalofuata ni lako.

Msomaji akasoma. Familia fulani ya kijiji fulani cha Bukoba inasikitika kutangaza kifo cha mama yao mpenzi. Akataja jina la mama yangu. Akasema habari ziwafikie, akataja kaka yangu wa Mwanza, dada yangu wa Kigoma, halafu akataja jina langu, lile la ukoo, lote, kwa sauti yake nzuri ya redio, na kumalizia: wa Ruangwa, mkoa wa Lindi.

Mama mwenye nyumba akaacha kuchambua. "Ruangwa!" akasema. "Umesikia, Bwana Shamba? Kuna mwenzenu wa Bukoba yuko hapa hapa, kafiwa na mama yake. Sijui huyo ni nani. Masikini ya Mungu."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nikasema, "Masikini."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema. Wajukuu walikuwa wamevaa nguo mpya. Mbuzi alikuwa amefungwa nyuma ya jiko. Na mimi sipendi kupewa pole. Pole ya mtu asiyekujua ni kama shati la kuazima, linabana kwapani. Hayo yote ni kweli, lakini kweli kubwa ni kwamba mdomo haukufunguka. Nchi nzima ilikuwa imetangaziwa jina langu na msiba wangu, na katika ua ule aliyejua ni mimi pekee. Nikamaliza chai. Ilikuwa imepoa.

Kwenda sikuweza. Mvua zilikuwa zimekata barabara ya Nachingwea, posta yenye simu ilikuwa imefungwa kwa sikukuu, na hata kama kungekuwa na gari mlangoni, ni lori, halafu meli, halafu treni, halafu meli nyingine ya ziwani. Ningefika nyasi zimeanza kuota kaburini. Kwetu mtoto hutupa udongo kaburini kwa mkono wake. Mkono wangu ulikuwa Ruangwa, na Ruangwa ilikuwa inajiandaa kula pilau.

Asubuhi nilikula hiyo pilau. Nilikuwa nimeahidi disko la Idi mchana, kwenye ghala la zamani la korosho, na nilikwenda kwa sababu kubaki uani nikicheka na watoto kulikuwa kazi ngumu zaidi. Mvua ilipumzika siku ile. Jua liliingia kwenye matundu ya mabati. Vijana walijaa, wasichana wamefunga khanga viunoni juu ya magauni mapya, na nje akina mama walikaa na sinia za vitumbua na mihogo ya kukaanga. Mama mwenye nyumba naye alikuwa huko mlangoni na wajukuu, kuhakikisha, kama alivyosema, kwamba shetani haingii na tiketi.

Nilipiga vizuri. Sijui niseme nini zaidi. Mikono ilifanya kazi yake na mimi nilikuwa pembeni nikiitazama. Kila wimbo uliovuka bila mwanya ulinikera. Nilianza kuwaona wale vijana na kuwaza kwamba mama yangu yuko ardhini na hakuna hata mguu mmoja uliosimama kwa ajili yake katika mji huu ninaoishi. Hasira hiyo haikuwa na haki, najua. Wangesimamaje bila kuambiwa? Lakini nilitaka wasimame. Nilitaka dakika chache tu za mama yangu, kwenye spika zote mbili, halafu wangerudi kwenye sebene yao.

Nikaanza kushuka ngazi. Sebene ikaingia ragga, na hakuna aliyegundua. Ragga ikaingia bongo fleva; wakapiga kelele za furaha kwa sababu waliujua wimbo. Bongo fleva ikaingia rege, na wengine wakafumba macho wakiyumba. Kwenye hedifoni ule wimbo wa pole ulikuwa unanisubiri. Niliuvuta nyuma kidogo, nikaugusa mbele, mpaka ngoma yake na ya rege zikatembea mguu kwa mguu. Nikaondoa besi ya rege nikaingiza besi yake. Nikaondoa gitaa. Mwisho nikaondoa sauti ya mwimbaji katikati ya neno, na kinanda kikagusa zile sauti zake tatu nne. Ni mchanganyo bora kuliko wote niliowahi kufanya maishani mwangu.

Nilipoinua uso, hakuna aliyekuwa anacheza.

Kwanza nilidhani wamechukia, na nilijiandaa kuwajibu. Lakini hakuna aliyezomea. Msichana aliyekuwa mbele alifungua khanga kiunoni akajitanda kichwani. Wa pembeni yake akafanya vivyo hivyo, na wa nyuma yake. Wavulana walisimama, mikono imeshuka. Mmoja akasema, "Oya, tulieni washikaji, kuna tangazo." Kinanda kikanyamaza kama kawaida yake, na katika kule kunyamaza nilisikia akina mama nje wakiulizana kwa Kimwera. Ghala zima lilikuwa limegeukia spika zangu likisubiri msomaji aje ataje jina. Muziki wa pole usio na mwimbaji, kwao, ulikuwa na maana moja tu.

Nilitakiwa kuuondoa. Mkono ulikwenda kwenye miksa ukabaki hapo.

Mama mwenye nyumba alipenya katikati ya watu, khanga kichwani, amewaacha wajukuu kwa jirani. Akafika mezani kwangu. Hakuwa na sauti yake ya kunitania.

"Bwana Shamba, kafa nani?"

Ningeweza kusema hakuna, ni muziki tu wa kizungu. Neno lilikuwa tayari.

"Mama," nikasema.

"Mama nani?"

"Mama yangu mimi."

Alinitazama. Nikaona anavyoirudia jana: redio, Bukoba, Ruangwa, kikombe cha chai. Akanipiga begani kwa kiganja, kofi la kweli, lililouma.

"Ndiye wewe! Nimekaa na wewe, nimesema masikini, na wewe ukasema masikini! Asubuhi umekula pilau yangu na maiti iko moyoni! Kwani sisi kwako si watu? Nyie watu wa Bukoba hata kulia mnataka mlie kwa Kiingereza?" Na papo hapo, akiwa bado amekasirika, akaanza kulia yeye.

Habari ikatoka kwa mdomo wake ikaenda mlangoni kabla wimbo haujaisha. Hakuna aliyenilaumu kwa kuua disko. Vijana walizima jenereta, wakabeba spika zangu mabegani mpaka nyumbani, kwa uangalifu mkubwa kuliko nilivyowahi kuzibeba mwenyewe. Uani majamvi yakatandikwa. Pilau iliyobaki ya Idi ikawa chakula cha msiba, na sinia za vitumbua zikaingia na wenyewe. Wanawake walikuja wakilia kuanzia barabarani, kama desturi inavyotaka, wakimlilia mwanamke ambaye hawakuwahi kumwona na ambaye angeshindwa kuwasalimia kwa lugha yao. Miaka yote nilikuwa nakitazama kile kilio cha barabarani kwa jicho la msomi, nikikiita maigizo. Walipofika mlangoni na kunishika mikono mmoja mmoja, nililia mpaka nikashikwa na kwikwi. Dua yao ilikuwa ya Kiislamu, mama yangu alikuwa Mkatoliki wa kupindukia, na hakuna aliyeona shida.

Sitasema kwamba tangu siku ile nikawa mwenyeji. Niliendelea kuwa Bwana Shamba, na miaka kadhaa baadaye nikahamishwa tena. Zipo Jumamosi nyingi baada ya ile ambazo nilizimaliza peke yangu, hedifoni masikioni. Upweke si ugonjwa wa kupona kwa dozi moja. Na mama yangu alizikwa bila mkono wangu. Hilo halikurekebishwa na mtu, wala halitarekebishwa.

Lakini jioni ile, watu walipopungua na jua likawa juu ya mikorosho, mama mwenye nyumba aliketi jamvini karibu yangu akanyoosha miguu. 

"Haya," akasema. "Mimi nimemlilia, na simjui. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Katika miaka yote ile ya kusini hakuna aliyewahi kuniuliza. Sikujua nianzie wapi. Nikamwambia kwamba alikuwa na sauti mbaya kuliko kijiji kizima, na kanisani alikuwa anaimba kwa nguvu kuliko kwaya yote, mpaka padri akamwomba ahamie benchi la nyuma, naye akahamia, na kutoka huko nyuma akawa anasikika vizuri zaidi.

Mama mwenye nyumba akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akanisogezea sahani.

"Endelea," akasema.